Bustani ya jamii: panga maji, mboji na mkataba kabla ya kugawa vipande

Bustani ya jamii inapokufa, mara nyingi udongo hauna kosa. Kilichoiua ni bomba moja linalogombewa na watu ishirini, lundo la takataka lisilowahi kuwa mboji, kipande kimoja kilichoachwa hadi magugu yakamwaga mbegu kwa majirani, au daftari la fedha linalolala mfukoni mwa mtu mmoja. Vyote hivyo ni vitu vya pamoja. Wanaoanzisha bustani hukimbilia kupima vipande na kupiga kura nani apate kipi, kwa kuwa hapo ndipo penye raha. Ushauri wetu ni kinyume chake: vya pamoja vitangulie, vipande vifuate.

Kwanza amueni mnataka mfumo gani. Upo ule wa vipande, ambapo kila kaya hulima pake na kuvuna chake, na kinachoshirikiwa ni maji, njia, stoo na mboji. Upo ule wa shamba moja, ambapo wote hulima pamoja na kugawana mavuno. Kuchanganya mifumo hii si vibaya, ila mpaka uonekane kwa macho: matuta haya ni ya wote, yale ni ya watu binafsi. Mpaka ukiwa wa maneno tu, samadi bora itaishia kwenye vipande binafsi.

Kuhusu ukubwa, desturi za nchi zimetofautiana. Uingereza kipande kamili cha jadi ni takriban mita za mraba 250. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1983 inaweka ukomo wa mita za mraba 400, na desturi inayofuatwa huko ni kwamba angalau theluthi moja ya kipande itumike kwa mazao. Kwa anayeanza, mita 250 ni mzigo. Mpe 50, na kama hajawahi kushika jembe mpe 25 kwanza. Kuongeza ni rahisi, kunyang'anya ni ugomvi.

Ardhi na udongo

Usipande kitu kabla ya kujua eneo lilikuwa la nini. Karakana, dampo, kituo cha mafuta, nyumba ya zamani iliyobomolewa: vyote huacha madini ya risasi ardhini, kutokana na rangi za kale, betri na majivu. Petroli yenye risasi iliacha kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote mwaka 2021, lakini risasi iliyomwagwa na moshi kando ya barabara haiozi wala haiendi popote. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za eneo, kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka maabara takriban nusu kilo ya mchanganyiko huo. Pale unapolishuku doa fulani, lipime peke yake. Ukilichanganya na mengine, sumu itafichika ndani ya wastani.

Majibu yakiwa mabaya kidogo, tengenezeni matuta ya kuinua yenye kina cha sentimita 30 au zaidi, yajazwe udongo safi juu ya kitambaa kinachopitisha maji. Njia zifunikwe vibao vya mti vilivyosagwa ili vumbi lisiruke. Vumbi linaloganda kwenye majani na kwenye mizizi ni hatari kuliko kile mmea unachofyonza, ndiyo maana nyanya na maharage ni salama zaidi mahali hapo kuliko karoti na mboga za majani. Majibu yakiwa mabaya sana, tafuteni eneo jingine. Hakuna mboji ya kuokoa hali hiyo.

Njia kuu iwe na upana wa mita 1.5, matoroli mawili yapishane. Kati ya kipande na kipande sentimita 60 zinatosha. Tuta lisizidi mita 1.2, ili mtu afike katikati kwa mkono akiwa upande wowote bila kukanyaga. Ukihesabu njia, mboji, stoo na matangi, vipande 20 vya mita za mraba 50 vinahitaji takriban mita za mraba 1,500, wala si 1,000.

Maji, yaani hesabu ambayo wengi huiruka

Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Mboga kwenye kipindi cha joto na ukavu zinahitaji takriban milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Chukua kipande cha mita 50 ambacho ndani yake matuta ni mita 35. Hapo ni lita 875 kwa wiki. Vipande ishirini ni lita 17,500, au lita 2,500 kila siku.

Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika litahitaji saa nne na dakika kumi kila siku kutoa maji hayo. Sasa fikiria watu wote wanafika jioni, saa moja kabla ya giza. Ugomvi hapo hausababishwi na tabia ya mtu, umeshaandikwa kwenye hesabu. Tiba yake ni matangi yanayojazwa usiku. Tangi la lita 5,000 kwa bomba lile lile hujaa kwa saa nane na dakika ishirini, na asubuhi watu huchota bila kusubiriana.

Umbali nao una hesabu yake. Lita 875 ni makopo ya kumwagilia 88 ya lita kumi kumi. Ukimwagilia mara tatu kwa wiki ni makopo 29 au 30 kila mara, mawili mawili mkononi, safari 15. Maji yakiwa mita 40 kutoka kwenye kipande, mtu ametembea zaidi ya kilomita moja, nusu yake akiwa na kilo 20. Mzee au mama mjamzito hatarudi wiki ijayo, na tutasema amekosa moyo. Wekeni pipa au bomba kiasi kwamba hakuna kipande kilicho mbali zaidi ya mita 20.

Paa la stoo linasaidia, ila msilitegemee kupita kiasi. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20, na tukikata asilimia 20 ya kupotea, linatoa lita 960. Hayo ni maji ya wiki ya kipande kimoja na ziada ndogo. Matangi na mapipa yafunikwe kwa wavu wenye matundu madogo. Pipa lisilofunikika limwagwe kila wiki, kwani penye joto mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi.

Kumwagilia kidogo kidogo kila siku ni kosa la kawaida. Udongo unalowa juu tu, mizizi inabaki juu, na siku ukikosa kuja mmea unanyauka. Mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki, kisha chomeka kidole hadi kifundo cha pili: kama chini ni pakavu, hujamwagilia, umelowesha vumbi. Matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, hupunguza sana maji yanayopotea. Yasiguse shina, yatalioza.

Lundo la wote

Mboji ya pamoja hushindikana kwa sababu moja: kila mtu anatupia juu ya lundo lile lile, kila siku, milele. Chini kuna mboji iliyoiva, juu kuna maganda ya jana, na hakuna anayeweza kuchota. Jengeni vyumba vitatu vya mbao au matofali yenye nafasi za hewa, kila kimoja kisipungue mita moja kwa mita moja kwa mita moja, kwa sababu lundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Kimoja kinajazwa, kimoja kimefungwa kinaiva, kimoja kinatumika. Kila kimoja kiwe na kibao chenye maandishi makubwa, na hasa kile cha katikati: USIONGEZE.

Changanya mabichi (majani mabichi, maganda, samadi) na makavu (majani makavu, mabua, vibao vilivyosagwa). Kwa ujazo, makavu yawe mara mbili hadi tatu ya mabichi. Watu huleta mabichi tu, kwa hiyo wekeni gunia la makavu pembeni na kanuni kwamba ndoo moja ya maganda hufunikwa kwa ndoo mbili za makavu. Unyevu uwe kama wa sifongo iliyokamuliwa. Chomeka nondo katikati ya lundo, iache dakika kumi, ichomoe: ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, kazi inaendelea, pengine nyuzi 55 hadi 65. Ikipoa, pindua lundo, la nje liende ndani. Harufu kali inayochoma pua maana yake mabichi yamezidi. Harufu ya mayai viza maana yake hewa haipiti. Lundo lisilonuka wala kupata moto kwa kawaida ni kavu.

Nyama, mafuta, mabaki ya nyanya zilizougua na magugu yenye mbegu visiingie. Samadi mbichi isiwekwe kwenye matuta ya mboga zinazoliwa bila kupikwa na kugusa udongo zikiwa zimebakiza chini ya siku 120 kuvunwa.

Na kuna jambo ambalo limeharibu bustani nzima kwa lori moja la samadi. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana malishoni, kama aminopiralidi, hupita tumboni mwa ng'ombe au farasi bila kuvunjika na hudumu ndani ya samadi kwa miezi mingi. Nyasi na mahindi hayadhuriki. Nyanya, maharage na viazi huharibika vibaya. Jaribio lake halina gharama. Jaza vyungu vitatu kwa mchanganyiko wa nusu samadi na nusu udongo unaouamini, vitatu vingine udongo huo peke yake. Panda mbegu tatu za maharage kila chungu, vyungu vikae mbalimbali ili maji ya kimoja yasiingie kingine, subiri wiki tatu hadi nne. Tazama majani mapya: yakikunjamana kama kikombe, yakiwa membamba yenye mishipa iliyokaribiana, na ncha ikijisokota, huku vyungu vingine vikiwa vizuri, samadi hiyo irudi kwenye malisho. Fanyeni jaribio kabla lori halijamwaga, wala si baada ya kila mtu kubeba toroli zake tatu.

Ugonjwa wa mmoja ni wa wote

Bakajani chelewa ya nyanya na viazi husafiri na upepo. Asubuhi yenye ukungu geuza jani lenye doa la kahawia lililolowa. Ukiona utando mweupe pembezoni mwa doa, mmea huo ung'olewe siku hiyo hiyo, ufungwe kwenye mfuko, uondoke bustanini. Ugonjwa wa mizizi ya kabichi kuvimba kama rungu hudumu ardhini hadi miaka 20 na hubebwa na viatu na jembe, kwa hiyo miche ya kabichi isipokelewe kutoka nje bila kujua kitalu chake. Mkataba useme wazi kwamba mkaguzi aliyechaguliwa anaweza kung'oa mmea mgonjwa kipandeni mwa mtu bila kumsubiri. Kanuni hiyo huonekana kali, hadi siku ya kwanza inapohitajika.

Mkataba, zamu na mavuno

Mkataba na mwenye ardhi uwe wa maandishi, wa miaka mitano angalau, na notisi isiyoishia katikati ya msimu. Tangi na uzio vikijengwa, iandikwe ni vya nani mkiondoka.

Kipande kilichoachwa hakisubiri huruma, maana mmea mmoja mkubwa wa mchicha pori unaweza kutoa mbegu zaidi ya laki moja. Utaratibu unaofaa ni huu: wiki mbili bila dalili ya kazi, mtu apigiwe simu; wiki nne, kamati ifyeke magugu kabla hayajatoa mbegu; wiki nane, kipande kiende kwa anayefuata kwenye orodha. Wakati wa kujiandikisha kila mtu ataje msaidizi mmoja atakayeshika akiugua au akijifungua. Bila msaidizi huyo, kanuni ya wiki nane huwaonea wagonjwa.

Kazi za pamoja, saa mbili kwa mwezi, zitajwe kwa majina: kupindua lundo, kusafisha mifereji ya paa, kunoa majembe. Tangazo la «njooni tusaidiane» huleta watu wale wale wanne kila mara. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na umwonyeshe la kufanya.

Kwenye shamba la pamoja, swali ni kugawa kwa saa au kwa hisa sawa. Kwa kundi lisilozidi kaya thelathini tunapendelea hisa sawa zenye sharti la saa za chini. Kuhesabu kila saa huzaa mabishano kama palizi ya mwendo wa pole ni sawa na kubeba samadi. Pimeni kwa mizani: kilo 48 za nyanya kwa hisa 12 ni kilo nne nne, na uzito uandikwe hadharani kabla watu hawajachukua. Anayechelewa apewe saa moja, kisha hisa yake igawiwe. Na msipande saladi yote siku moja. Mistari miwili kila siku 14 inalisha kundi msimu mzima. Mistari kumi kwa pamoja inaozea matutani wiki ya nane.

Fedha ziwe na sahihi mbili, na ukurasa wa mwisho wa daftari ubandikwe ukutani mwa stoo kila mwezi. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na mita 25 au 250.

Mtu anapoondoka, kamati ikague kipande pamoja naye: ufunguo, majembe ya wote, mmea wa kudumu aliopanda, na alichopanda kila tuta miaka mitatu iliyopita. Hilo la mwisho liandikwe kwenye kadi na akabidhiwe anayefuata, asije akapanda nyanya palipokuwa na nyanya.