Mnyororo wa diski pepe: kwa nini mashine hugoma kuwaka baada ya kuhamishwa

Faili lilikuwa na GB 1.3. Nilitakiwa kushtuka palepale, maana mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) niliyokuwa naihamisha ilikuwa ya hesabu za ofisi moja, diski yake GB 80, ndani yake ankara za miaka. Lakini kunakili kuliisha kabla chai haijapoa, nikafurahi. Nikaisajili mashine kwenye seva mpya, nikaiwasha. Ikagoma, ikaniachia mstari huu:

Could not open backing file: Could not open '/srv/mashine/msingi.qcow2': No such file or directory

Yaani: faili ninaloliegemea silioni. Hilo faili linaloegemewa tuliite diski mama, na lile linaloegemea tuliite diski mtoto. Mtoto naye anaweza kuwa na mtoto wake. Wote wakipangwa, kuanzia wa chini kabisa hadi yule anayeandikwa leo, ndio huitwa mnyororo wa diski.

Mashine pepe yenyewe haijui habari hizi. Ikiwa ndani, inaona diski moja, kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Ni nje, kwenye seva inayoibeba, ndiko diski hiyo moja inaweza kuwa faili moja, au mawili, au matano yaliyotawanyika kwenye folda tofauti.

Mara nyingi mnyororo huanzishwa na snepshoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ilivyo sasa ili uweze kuirudia. Unataka kusasisha programu, unaogopa mambo yakiharibika, unabonyeza snepshoti. Inaisha kwa sekunde chache kwa sababu hakuna kilichonakiliwa. Kilichofanyika ni kwamba faili la zamani limegandishwa, halitaandikwa tena, na faili jipya karibu tupu limefunguliwa juu yake. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa kinaingia kwenye lile jipya. Wakati wa kusoma, programu inatazama kwanza kwa mtoto. Kipande kisipokuwepo kwake, inashuka kwa mama. Kwenye qcow2, muundo wa faili la diski niliokuwa nautumia, vipande hivyo ni vya KB 64, isipokuwa aliyetengeneza faili awe amechagua kipimo kingine. Mnyororo huzaliwa pia pale fundi anapotengeneza mashine kumi kutoka kwenye diski moja ya msingi ili kuokoa nafasi. Hapo mama mmoja ana watoto kumi.

Fikiria daftari la madeni dukani. Mwenye duka ameamua daftari lisiguswe tena, akachukua karatasi pembeni: ukurasa wa 12, mstari wa 3, soma 45,000, ukurasa wa 20, mstari wa 7, ameshalipa. Ukiwa na daftari na karatasi, una hesabu kamili. Ukihamia duka jipya na karatasi peke yake, una masahihisho ya kitu usichonacho. Mimi nilikuwa nimebeba karatasi.

Kwenye KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux, mnyororo wote unaonekana kwa amri moja, nayo ni ya kupiga kabla ya kunakili chochote:

qemu-img info --backing-chain hesabu.qcow2

Kwangu ilionyesha virtual size (ukubwa ambao mashine inauona) GiB 80, disk size (nafasi ambayo faili linachukua kweli) GiB 1.3, na chini yake backing file pamoja na njia nzima ya faili la mama. Namba mbili za kwanza zikiachana kiasi hicho kwenye mashine iliyotumika miaka mingi, usibebe kitu kwanza. Pengo peke yake si ushahidi, kwani diski nyingi hukua kadiri zinavyojazwa, lakini pengo pamoja na mstari wa backing file halina maelezo mengine.

Njia ya faili la mama imeandikwa ndani ya faili la mtoto kama maandishi tu. Ndiyo maana unaweza kuhamisha mafaili yote mawili na mashine bado ikagoma: kule seva ya zamani mama alikaa /srv/mashine, kwenye seva mpya umemweka /data/vm, na mtoto anaendelea kumwita kwa anwani ya zamani. Ukiwa na uhakika kwamba mama ni yuleyule, unambadilishia mtoto anwani, mashine ikiwa imezimwa:

qemu-img rebase -u -b /data/vm/msingi.qcow2 -F qcow2 hesabu.qcow2

Ile -u ni ya kuheshimiwa. Inabadilisha anwani bila kulinganisha kilichomo. Ukimwelekeza mtoto kwa mama wa mtu mwingine, amri itakubali bila kusema neno. Kwa hiyo kabla ya kuipiga, chukua sha256sum (namba inayokokotolewa kutoka kwenye kilichomo ndani ya faili) ya faili la mama pande zote mbili, ulinganishe. Mama akiwa na mama yake naye, kagua kila ngazi.

Wakati mwingine anwani ni sahihi, faili lipo, na bado inasema Permission denied. Hapo tazama ruhusa za mama pia. Watu hurekebisha umiliki wa faili la mtoto, wakasahau kwamba programu ya mashine pepe lazima iweze kusoma mnyororo mzima, folda zake zikiwemo.

Sasa kosa lililo baya kuliko yote. Mashine imegoma, fundi ana haraka, anaona faili la mama ni kubwa na lina kila kitu. Anatengeneza mashine mpya, anaipa diski mama, anaiwasha. Inawaka vizuri tu! Tatizo ni kwamba mfumo ukiwaka unaandika: kumbukumbu za matukio, mafaili ya muda, masasisho. Daftari lililogandishwa limeandikwa upya, na karatasi ya masahihisho bado inasema ukurasa wa 12, mstari wa 3. Ukimrudisha mtoto juu ya mama huyo utapata mfumo wa mafaili uliochanganyika, hifadhidata isiyofunguka, au mbaya zaidi, inayofunguka ikiwa na takwimu za uongo. Na qcow2 haitakuonya, kwa sababu haiweki alama yoyote ya kutambua kwamba mama amebadilika. Hata qemu-img check haitasaidia. Inakagua mpangilio wa ndani wa faili moja, na mtoto anaweza kufaulu ukaguzi huo huku mnyororo ukiwa umeoza. Ukilazimika kuwasha diski mama, washa nakala yake.

VMware, watengenezaji wa mfumo mwingine wa mashine pepe, wako makini zaidi hapa. Diski zao za VMDK kwa kawaida huja mbili mbili: faili dogo la maelezo linalosomeka kama maandishi, na faili kubwa la data lenye -flat jinani. Snepshoti huongeza mengine yenye namba kama -000001. Ndani ya yale madogo kuna namba ya CID, na mtoto hubeba parentCID, yaani CID aliyokuwa nayo mama wakati mtoto anatengenezwa. Zisipolingana, mashine inakataa kuwaka na kusema mama amebadilishwa tangu mtoto atengenezwe. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa ufungue faili na uhariri namba zilingane. Inafanya kazi, lakini uliza kwanza kwa nini zilipishana. Kama kweli mama aliandikwa, utakuwa umezima king'ora huku moto unaendelea. Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, nayo hukagua utambulisho wa mama. Watoto wake waliozaliwa na snepshoti utawajua kwa kiambishi cha avhdx.

Si kila kugoma ni mnyororo. Windows ikianza kuwaka kisha ikaanguka na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, diski imefunguka sawasawa ila draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kidhibiti kipya cha diski haimo. Linux inayotafuta /dev/sda wakati seva mpya inaiita /dev/vda ni shida ya majina, na dawa yake ni kutumia UUID (kitambulisho kisichobadilika cha sehemu ya diski) kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za mfumo. Mnyororo uliokatika kwa kawaida hujitokeza mapema kuliko hapo: mashine haifiki hata kuonyesha skrini.

Faili langu la msingi nililikuta kwenye seva ya zamani, ambayo ilikuwa imepangwa kufutwa Jumatatu. Nililibeba, nikalinganisha sha256sum, nikabadilisha anwani, mashine ikawaka. Kisha nikaizima na kuunganisha yote kuwa faili moja lisilomtegemea yeyote:

qemu-img convert -O qcow2 hesabu.qcow2 hesabu-kamili.qcow2

Amri hii inahitaji nafasi ya kutosha kwenye diski, na inachukua hali ya sasa tu. Zipo pia snepshoti za aina nyingine, zinazohifadhiwa ndani ya qcow2 yenyewe; hizo hazivuki nayo. Yangu haikuwa nazo. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa kabisa.