Wembe wa Kukunja si Kisu cha Jikoni

Dhana kuhusu kunoa: "Nyanyua mgongo kidogo, makali yashike jiwe."

Tafadhali, tuliache hili. Kisu hakina cha kukuongoza, mkono ndio unaopima pembe. Wembe wa kukunja umetengenezwa na kipimo chake: mgongo ni mnene ili ulale juu ya jiwe pamoja na makali, na pembe ipatikane yenyewe, digrii 17 hivi kwa pande zote mbili pamoja. Kwa wembe wenye upana wa milimita 19, ukinyanyua mgongo milimita 1 tu umeongeza digrii 3 kila upande. 17 zimekuwa 23. Huo utakwaruza shavu, utang'oa ndevu badala ya kuzikata.

Paka wino wa maka kwenye ukingo wa makali, pande zote mbili. Mwagia maji jiwe namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), laza wembe, sukuma makali yakitangulia, kisha ugeuze kwa kuubingirisha juu ya mgongo. Baada ya mipigo mitano tazama kwenye mwanga. Wino uliobaki karibu kabisa na makali unakwambia jiwe halijafika pale. Ukibaki nchani peke yake, ama mkono umeinama ama jiwe lina bonde. Bonde huondolewa kwa msasa wa maji namba 400 uliotandikwa juu ya kioo. Usihamie namba 4000 mpaka wembe unyoe malaika ya mkono kuanzia kisiginoni, upande wa mpini, hadi nchani. Ukiwahi, namba 8000 itakung'arishia ubutu tu.

Na "kandamiza uishe haraka"? Bapa la wembe ni jembamba, linapinda, na makali yanalika kwa mawimbi. Uzito wa wembe wenyewe unatosha.

"Mkanda wa ngozi unanoa." Hapana, unanyoosha makali yaliyopo. Pitisha mara 40 kabla ya kunyoa, mgongo ukitangulia. Ukiona bado unavuta, mipigo 10 ya namba 8000 inatosha. Kurudi namba 1000 kila mara ni kuumaliza wembe bure.

"Chuma kizuri hakishiki kutu." Kwa upepo huu wa bahari wa Mombasa? Kausha kwa kitambaa, dondosha tone la mafuta ya cherehani, na usiuweke bafuni. Kutu ikishatoboa makali, itabidi kunoa mpaka chuma chote chenye tundu kiishe.