Je, wajua kwa nini kiko cha mbao hakiungui?

Mtu anapovuta kiko, kaa lililomo ndani ya bori, yaani kile chungu kidogo cha kutilia tumbaku, hufikia joto la mamia ya nyuzi. Linazungukwa na ukuta wa mbao ambao mara nyingi una unene wa milimita 6 hivi, na upande wa pili wa ukuta huo kuna vidole vya mvutaji. Hata hivyo kiko kilichotengenezwa vizuri hudumu miongo kadhaa. Chonga umbo hilohilo kwa msonobari, na halitachukua muda kutoboka.

Siri ya kwanza imefukiwa ardhini. Mbao inayotumika zaidi kwa viko, ambayo watu wa kazi hii huiita brayari, haitoki kwenye shina wala tawi. Hutoka kwenye nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kichaka kiitwacho Erica arborea. Kichaka hiki kimejaa nchi zinazopakana na Mediterania: Italia, Ugiriki, Algeria, kisiwa cha Corsica. Kinaota pia katika nyanda za juu za Ethiopia na milima ya Rwenzori. Moto wa nyika ukiteketeza matawi, machipukizi mapya hutokea kwenye nundu hiyo. Nyuzi zake zimesongamana na kusokotana, kwa hiyo hazipasuki kirahisi kama mbao yenye mkondo mmoja, na ndani yake mna silika, ambayo haishiki moto. Nundu ya kufaa hutoka kwenye kichaka chenye umri wa miaka 30 au zaidi.

Ikishachimbuliwa haiachwi juani. Hufunikwa na kumwagiwa maji, kwani ikikauka haraka hupasuka kabla haijafika kwenye msumeno. Fundi huondoa kiini cha katikati na sehemu zilizooza au zilizomeza mawe, kisha vipande huchemshwa kwa saa 12 au zaidi, hadi utomvu na tanini vitoke. Baada ya hapo ni kukausha polepole, kwa miezi au hata miaka. Hatua hii ikifupishwa, mnunuzi ataigundua mdomoni: ladha chungu isiyoisha, na bori linalotoa jasho likipata moto.

Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, ndio uliogeuza nundu hii kuwa biashara kubwa katikati ya karne ya 19. Kabla ya hapo Ulaya ilivutia viko vya udongo, ambavyo vikidondoka vimekwisha, au vya meerschaum, jiwe jeupe laini. (Jiwe hilo lilipatikana pia Amboseli, na Arusha kuliwahi kuwa na kampuni iliyolichonga viko vyenye alama ya tembo.)

Siri ya pili hutengenezwa na mvutaji mwenyewe. Tumbaku inapoungua huacha tabaka la kaa kwenye ukuta wa ndani, na tabaka hilo ndilo ngao ya mbao. Linatakiwa liwe na milimita 1 hadi 1.5, karibu na unene wa sarafu. Likizidi, hutanuka kwa kiasi tofauti na mbao na kulipasua bori kutoka ndani. Kwa hiyo hukwanguliwa kwa kifaa chenye makali ya mviringo. Kisu chenye ncha huchimba sakafu ya bori, na sakafu ikishachimbika, moto unaanza kula hapo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotenganisha kiko kizuri na kibaya, nalo si mistari ya mbao inayopandisha bei. Ni matundu. Tundu la moshi liwe na upana wa milimita 3.5 hadi 4, na litokee katikati kabisa ya sakafu ya bori. Likitokea juu zaidi, tumbaku ya chini haiungui. Hubaki tope jeusi lililolowa. Likiwa jembamba mno, mtu hulazimika kuvuta kwa nguvu, kaa linawaka kupita kiasi, ulimi unaungua na ukuta unaanza kuliwa.

Halafu kuna kiungo. Mdomo wa kiko, yaani kipande kinachoshikwa kwa meno, huwa na ulimi unaoingia kwenye tundu la shingo, ule mkono wa mbao unaotoka kwenye bori, kama viungo vya seremala. Ulimi huo unatakiwa ufike karibu kabisa na mwisho wa tundu. Ukiishia njiani, moshi hukuta uwazi, hupoa ghafla, na mvuke wake unageuka maji yanayokaa pale pale. Ndipo kiko kinapoanza kukoroma. Jaribio lake ni rahisi: pitisha kijiti laini cha kusafishia kutokea mdomoni. Kikifika sakafu ya bori bila kugota, fundi alijua kazi yake.

Viko vilivyopinda sana huwa na udhuru, kwa sababu kekee haikati kona. Charles Peterson wa Dublin aliugeuza udhuru huo kuwa faida: katika mfumo wake wa mwaka 1890 alichimba kisima kidogo shingoni ili maji yajikusanye humo. Kijiti hakipiti moja kwa moja, na ndivyo ilivyokusudiwa. Unang'oa mdomo na kukung'uta maji. Mwaka 1898 akaongeza mdomo ambao tundu lake linatazama juu, moshi uelekee kaakaa badala ya kuchoma ulimi.

Mtengenezaji Alfred Dunhill wa London naye aliweka kitone cheupe juu ya mdomo. Leo watu hukichukulia kuwa alama ya ufahari, ila kazi yake ilikuwa kuonyesha upande upi ukae juu unapourudisha mdomo mahali pake.

Ukinunua kiko kilichotumika, kikague mchana. Madoa ya rangi tofauti ni puti iliyoziba vishimo vya mbao. Kwa nje hayadhuru, lakini kishimo kilichojificha ndani ya ukuta ndicho huanza kutoboka. Doa jeusi linalopata moto haraka kuliko sehemu nyingine ni dalili yake. Vanishi nzito inayong'aa sana ni ya kuepukwa, kwani huziba mbao na kutoka mapovu kwa joto, nta inatosha. Mdomo wa kijani-kahawia unaonuka salfa ni wa ebonaiti, mpira uliogandishwa kwa salfa, ulioachwa kwenye mwanga. Hung'arishwa kwa msasa laini sana wenye maji. Mdomo wa akriliki haubadiliki hivyo, ila ni mgumu kwa meno.

Na usiung'oe mdomo wakati kiko bado cha moto. Mbao imetanuka, ulimi umelainika, na shingo hupasuka kwa urefu wake. Kama mdomo umekwama hata baada ya kupoa, weka kiko kwenye friza kwa nusu saa, kisha uzungushe upande mmoja tu huku umeshika shingo, si bori.