Ndege Ileile, Bei Tofauti: Namna ya Kusikiliza Vyama vya Kanada Vinapozungumzia Fedha za Umma

Wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Kanada wa Aprili 28, 2025, mama mmoja mzaliwa wa Bukavu alifika kwenye darasa letu la uraia akiwa na vipeperushi viwili alivyovikuta kwenye sanduku lake la barua. Ndiyo kwanza alikuwa amepata uraia, na hiyo ingekuwa kura yake ya kwanza. Aliviweka mezani, akavinyoosha kwa kiganja. Kimoja kilisema serikali ya chama cha Liberal imekopa kuliko serikali zote zilizoitangulia. Kingine kilisema Kanada ina mzigo mwepesi wa deni kuliko nchi zote za G7, kundi la nchi saba tajiri.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hapa nani anadanganya?”

Nilimwambia huenda hakuna anayedanganya. Jibu hilo halikumridhisha, na alikuwa na haki. Mtu anayelipa kodi kutoka kwenye mshahara wa zamu za usiku anastahili kuelezwa vizuri zaidi. Kwa hiyo tulitumia darasa zima kwa vipeperushi vile viwili, na ninayoandika hapa ni yale tuliyoyazungumza siku ile pamoja na mengine ambayo muda haukuruhusu.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake. Vyama vya siasa huivuta ngoma kwa kuchagua kipimo. Katika mwaka wa fedha 2009-10, serikali ya chama cha Conservative ya Stephen Harper ilikuwa na nakisi, yaani matumizi yaliyozidi mapato, ya takriban dola bilioni 56. Katika mwaka wa fedha 2023-24, serikali ya Liberal ya Justin Trudeau ilikuwa na nakisi ya dola bilioni 61.9. Ukihesabu kwa dola, Trudeau ndiye aliyepitiliza zaidi. Lakini katikati ya miaka hiyo uchumi ulikuwa umekua sana. Nakisi ya Harper ilikuwa karibu asilimia 3.5 ya pato la taifa, ya Trudeau karibu asilimia 2.1. Ukihesabu kwa asilimia, aliyepitiliza zaidi ni Harper. Deni la laki tano kwa mwenye genge la nyanya na deni la laki tano kwa mwenye duka la jumla si deni moja, ingawa daftari linaandika namba ileile.

Hata asilimia nayo haimalizi habari. Mwaka 2009 dunia nzima ilikuwa kwenye mdororo, viwanda vya magari vya Ontario vikiyumba, na serikali karibu zote zilikuwa zinakopa. Mwaka 2023-24 hapakuwa na janga la namna hiyo. Hapo naona hoja ya Conservative ina uzito, hasa kwa kuwa Liberal wenyewe walikuwa wameahidi kwamba nakisi ya mwaka ule haitavuka bilioni 40.1. Liberal nao wana jibu: zaidi ya bilioni 16 za nakisi hiyo zilitengwa kwa ajili ya madai ya watu wa asili ya Kanada, madeni ya haki ambayo serikali nyingi za nyuma, za vyama vyote viwili, ziliyakwepa. Namba hizo zilitangazwa Desemba 16, 2024, siku ileile ambayo waziri wa fedha, Chrystia Freeland, alijiuzulu. Watu wengi wanakumbuka kujiuzulu kwake. Wachache wanakumbuka kilichokuwamo kwenye kitabu cha hesabu.

Kipeperushi cha pili, cha G7, kilihitaji subira zaidi. Kauli ile ni ya kweli ukipima deni halisi, yaani deni lote ukitoa mali za fedha ambazo serikali inazo. Sasa, katika hesabu za Kanada mali hizo ni pamoja na akiba ya mifuko ya pensheni ya taifa, ule wa Kanada na ule wa Québec. Fedha hizo zipo, ni nyingi, na zinasimamiwa vizuri. Ila zina wenyewe: wafanyakazi waliokatwa kwenye mishahara ili walipwe uzeeni. Ukipima deni lote bila kutoa mali, Kanada si ya kwanza tena, Ujerumani ina deni dogo kuliko yake. Mama wa Bukavu alicheka niliposema hivyo. Akasema ni kama mwekahazina wa upatu kujiita tajiri kwa sababu kibubu cha kikundi kiko chumbani kwake.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndege za kivita za F-35, kwa sababu umepita mikononi mwa vyama vyote viwili vikubwa na kila kimoja kimeula na chuya zake.

Julai 2010 serikali ya Conservative ilitangaza kwamba itanunua ndege 65 kwa dola bilioni 9. Ukiongeza matengenezo, ikasema, ni kama bilioni 16. Machi 2011 Afisa wa Bajeti wa Bunge, Kevin Page, ambaye kazi yake ni kulikadiria Bunge gharama za serikali, alitoa makadirio yake: bilioni 29.3 kwa miaka 30. Serikali ikamjibu kwa kutetea bilioni 14.7. Upinzani ukadai nyaraka, si za ndege tu bali pia za gharama za sheria mpya za jinai na za kupunguza kodi ya makampuni. Nyaraka zilipokosekana au kutolewa nusunusu, kamati ya Bunge ikaona serikali imelidharau Bunge. Machi 25, 2011 serikali ikaangushwa kwa kura 156 dhidi ya 145.

Wapiga kura waliamua vingine. Mei 2 Harper alirudi na viti 166 kati ya 308, wingi ambao hakuwa nao kabla.

Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu, Michael Ferguson, alifungua daftari. Alionyesha kwamba Wizara ya Ulinzi, ndani kwa ndani, ilikuwa na makadirio ya bilioni 25 kwa miaka 20 wakati hadharani inatamka 14.7. Tofauti ya zaidi ya bilioni 10 ilitokana hasa na kuacha gharama za kuziendesha ndege zenyewe: mafuta, mishahara ya marubani na mafundi. Wizara ilijitetea kwamba marubani na mafuta vingelipwa hata kwa ndege za zamani. Ni hoja, lakini si hoja ya kumficha mbunge anayetakiwa kupitisha fedha. Desemba 2012 kampuni ya uhasibu ya KPMG, kwa kazi iliyopewa na serikali, ikafika bilioni 45.8. Tazama kilichobadilika: ndege ni zile 65, lakini sasa zinahesabiwa kwa miaka 42.

Liberal waliitumia hadithi hiyo ipasavyo. Mwaka 2015 waliahidi kutozinunua F-35 kabisa, wakashinda. Januari 2023 serikali hiyohiyo ya Liberal ilitangaza kwamba itanunua F-35, safari hii 88, kwa bilioni 19. Novemba 2023 Afisa wa Bajeti alikadiria bilioni 73.9 kwa maisha yote ya ndege hizo. Juni 2025 Mkaguzi Mkuu, Karen Hogan, alisema zile bilioni 19 zimefika 27.7, na kwamba zitahitajika angalau bilioni 5.5 nyingine kwa miundombinu na silaha ili ndege zifanye kazi iliyokusudiwa.

Nilipoyaandika haya ubaoni siku ile, hadi bei ya mwaka 2023, darasa lilinyamaza kidogo, kisha kijana mmoja fundi magari akasema kwa sauti: “Ni kama kuuziwa gari bila kuambiwa bima.” Ndivyo. Hakuna hata namba moja kati ya hizo iliyobuniwa. Bilioni 9 ni bei ya kununua, 29.3 ni kununua na kutunza kwa miaka 30, 45.8 ni kila kitu kwa miaka 42. Mwanasiasa aliye serikalini hutaja kipindi kifupi na gharama chache. Aliye upinzani hutaja kipindi kirefu na kila gharama. Wakibadilishana viti, hubadilishana na vipimo. Nimefuatilia mambo haya kwa miaka mingi na sijaona chama kilichoacha desturi hiyo baada ya kushika madaraka.

Swali la mtu wa kawaida basi liwe: namba hii ni ya miaka mingapi, na ndani yake mna nini?

Ofisi ya Page nayo ilizaliwa kwenye ugomvi wa namba, na cha ajabu ni kwamba ugomvi wenyewe ulihusu ziada ya bajeti, si nakisi. Serikali ya Liberal ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa na tabia ya kukadiria ziada ndogo kisha kupata kubwa. Kwa mwaka wa fedha 2003-04 ilisema itabaki na bilioni 1.9, zikabaki bilioni 9.1. Wapinzani wakauliza, kwa haki kabisa, Bunge linajadili vipi matumizi ikiwa halijui kilichomo mfukoni? Hapo hapo ikalipuka kashfa ya udhamini wa Québec, mpango wa kudhamini shughuli za umma ili serikali ya shirikisho ionekane zaidi katika jimbo hilo, ambapo Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser alieleza Februari 2004 kwamba kati ya dola milioni 250 za mpango huo, zaidi ya milioni 100 zilikwenda kwa kampuni za matangazo kama ada na kamisheni. Liberal wakaanguka Januari 2006. Conservative waliposhika serikali walipitisha sheria ya uwajibikaji, na ndani yake wakaanzisha Afisa wa Bajeti wa Bunge. Page akaanza kazi 2008.

Miaka michache baadaye Conservative haohao ndio waliokuwa wakimnyima nyaraka, hadi akafika Mahakama ya Shirikisho kudai taarifa za upunguzaji wa matumizi. Mwaka 2017, chini ya Liberal, ofisi hiyo ilipewa uhuru zaidi, pamoja na kazi ya kukadiria gharama za ahadi za vyama wakati wa uchaguzi. Wasomaji wa Kenya wanaijua Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao, na wa Tanzania wanamjua CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa hiyo si jambo geni: mali bila daftari hupotea bila habari, na anayeshika daftari asiwe yule anayetumia.

Hata mshika daftari hukosea. Kwenye mjadala wa tozo ya kaboni, yaani tozo kwa mafuta na nishati nyingine zinazochafua hewa, Afisa wa Bajeti, Yves Giroux, alitoa hesabu mbili ndani ya ripoti moja. Ya kwanza ililinganisha tozo ambayo familia inalipa na marejesho inayopata, na familia nyingi zilionekana kubaki na faida. Ya pili iliongeza athari kwa ajira na mapato, na familia nyingi zikaonekana kupata hasara. Liberal walinukuu ya kwanza tu, Conservative ya pili tu, kila mmoja akiinua ripoti ileile juu Bungeni. Kisha Aprili 2024 ofisi ikakiri kwamba ile hesabu ya pili ilikuwa imeingiza kimakosa na tozo ya viwanda. Oktoba ikatoa hesabu mpya yenye hasara ndogo kuliko ya awali. Wako waliosema ofisi haifai tena. Mimi nasema kinyume: ilikosea, ikasema yenyewe, ikarekebisha kwa maandishi. Kuhusu tozo kwa watumiaji wa kawaida, serikali ya Liberal ya Mark Carney iliifuta kuanzia Aprili 1, 2025, ombi la Conservative likitekelezwa na wapinzani wao.

Jambo moja dogo linalowachanganya sana wageni: hospitali na shule ziko chini ya majimbo, si Ottawa, yaani serikali ya shirikisho. Ottawa hupeleka fedha, jimbo ndilo linaloamua. Kwa hiyo kipeperushi cha uchaguzi wa shirikisho kinacholalamikia foleni ya hospitali kinazungumzia nusu ya jambo. Katika jimbo la Alberta, ambako chama cha upinzani cha NDP kinaongozwa na Naheed Nenshi, mtoto wa wazazi waliohamia kutoka Tanzania, mabishano ya hospitali yanafanyika Edmonton, makao makuu ya jimbo, na huko ndiko pa kuyauliza.

Bajeti ya Novemba 4, 2025 imeleta kipimo kingine. Nakisi yake ni bilioni 78.3, lakini serikali sasa inatenganisha matumizi ya kawaida na uwekezaji, na inaahidi kusawazisha yale ya kawaida. Wazo si baya. Mwenye nyumba anajua kukopa kwa ajili ya tofali si sawa na kukopa kwa ajili ya sherehe. Shida ni nani anaamua kipi ni tofali. Ofisi ya Afisa wa Bajeti imeshasema tafsiri ya serikali ya neno uwekezaji ni pana mno. Bajeti ilipita Novemba 17 kwa kura 170 dhidi ya 168, na neno hilo moja litabishaniwa miaka mingi ijayo.

Ripoti za Afisa wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu zinapatikana bure, kwa Kiingereza na Kifaransa. Darasani tunazisoma pamoja kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na nyingi huanza na muhtasari mfupi. Kinachonikera ni kwamba vyama vyenyewe huchelewesha daftari lao. Mwaka 2025 kura ya mapema ilikuwa Aprili 18 hadi 21, na Wakanada milioni 7.3 walipiga kura siku hizo. Liberal walitoa ilani inayoonyesha gharama za ahadi zao Aprili 19, kura zikiendelea kupigwa. Conservative walitoa yao Aprili 22.

Mama wa Bukavu alikuwa na zamu Jumatatu ya Aprili 28. Alipiga kura yake Ijumaa Kuu, Aprili 18, vile vipeperushi viwili vikiwa kwenye mkoba.