Mikono ikikunjwa, kasi inatoka wapi?

Wengi huamini kwamba mchezaji wa baleti anayezunguka kwa mguu mmoja huongeza kasi kwa kujisukuma tena sakafuni. Sivyo. Katika mzunguko wa msukumo mmoja, akishainuka, msuguano wa sakafu humpunguza tu. Kinachobadilika ni umbali wa mikono kutoka kwenye mhimili wa mwili.

Pima mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, miguu juu, chupa ya maji ya lita moja kila mkono. Funga simu wima kifuani kwa khanga, fungua jiroskopu (kihisi cha simu kinachopima kasi ya mzunguko) katika programu ya phyphox, usome mhimili wa y, ule unaofuata urefu wa simu. Usiiweke mfukoni: itacheza, na grafu itajaa mitetemo. Mwenzako akusukume mara moja, mikono ikiwa imenyooshwa, kisha uikunje.

Chupa zikiwa sentimita 80 kutoka kwenye mhimili, inesha yake, yaani ugumu wake wa kuzungushwa (kilo mara mraba wa umbali kwa mita), ni 2 × 1 × 0.8² = 1.28. Kwenye sentimita 20 ni 0.08, yaani imepungua mara 16. Kasi yako haitapanda mara 16, maana mwili na kiti vina inesha yao isiyoondoka.

Hapo wanafunzi hukosea tena: momenta ya mzunguko (inesha mara kasi) inabaki karibu ile ile, ndiyo maana inesha ikishuka kasi hupanda, nao wakadhani nishati pia haibadiliki. Hapana, nishati mwendo huongezeka. Ukivuta chupa utazihisi zikikataa kuja. Kazi hiyo ya misuli ndiyo inayoingia kwenye mzunguko. Rudia kwa chupa tupu: mikono itakuja kwa urahisi, na grafu itapanda kwa kiasi kidogo kuliko ilivyopanda kwa chupa zilizojaa.