Namba 30 si bata 30

Juzi kwenye mabwawa ya majitaka kule Ruai, Nairobi, kijana mmoja aliazima darubini yangu, akatazama bata mwitu kwa muda, kisha akauliza: "Daktari, yule mwenye pete mguuni ana mwenyewe?"

Hana. Pete huvishwa na watafiti; ni ya alumini, ina namba isiyorudiwa, na za huku kwetu huandikwa Nairobi Museum. Pete kama hiyo huweza pia kuonyesha wawindaji wamechukua bata wangapi, lakini hapa Kenya sheria hairuhusu kuwinda kwa burudani. Pete inayopima kazi ya bunduki utaikuta Marekani.

Kule bata hunaswa kwa mitego yenye nafaka, wakavishwa pete kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Mwindaji akimpata mmoja, huripoti namba kwa maabara ya serikali iliyoko Laurel, Maryland. Pete yenyewe hubaki nayo; wengine huitundika shingoni kama nishani.

Tuseme nimevisha bata 1,000, na msimu ukaisha nikiwa na namba 30. Je, wawindaji wamechukua asilimia 3? Hapa ndipo wanafunzi huteleza. Namba 30 ni za walioripoti. Wako walioitia pete mfukoni wakasahau, na wako wasiopenda serikali ijue walikuwa wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ziliripotiwa karibu theluthi moja tu ya pete za bata aina ya mallard waliochukuliwa. Simu ya bure ilipoanzishwa miaka ya 1990, ripoti ziliongezeka sana.

Utawajuaje walionyamaza? Kwa pesa. Pete chache huandikwa zawadi ya dola 100, na hiyo ni nadra mtu kuiacha. Zikirudi 60 kwa kila 1,000 wakati za kawaida zinarudi 30, ni nusu tu wanaoripoti, na kiwango halisi ni asilimia 6. Hapo bado hujahesabu bata waliopigwa wakapotelea mateteni.

Mwaka 1930 Frederick Lincoln, mtaalamu wa ndege wa Marekani, aliigeuza hesabu hii, na kwangu huo ndio utamu wake: ikiwa wawindaji wamechukua asilimia 10 ya bata wenye pete, na jumla wameua bata milioni 5, basi waliokuwepo kabla ya msimu walikuwa kama milioni 50. Hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza pete ya Ruai inalipa ngapi. Nikamwambia atapata asante.

"Basi nitaripoti," akasema, huku bado ameshikilia darubini yangu.