Je, wajua kwa nini brashi ya hewa, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi, huchaguliwa kuanzia kwenye upepo?

Asubuhi moja ya msimu wa mvua, hapa Kampala, kijana alikuwa akipuliza buluu kwenye tangi la boda. Mstari ulikwenda laini kama moshi, kisha ghafla likaruka tone, rangi ikapasuka na kuchuruzika. Akanigeukia: "Mwalimu, wameniuzia bunduki mbovu?" Bunduki yake ilikuwa nzima. Tone lile lilikuwa maji, na maji yenyewe yalitoka hewani.

Wengi wanaoanza huumiza kichwa kwa bunduki, kisha kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, wanachukua yoyote inayotoshea kwenye bajeti iliyobaki. Mimi nashauri kinyume chake, na sababu iko kwenye namna kifaa kinavyofanya kazi. Hewa ikipita kwa kasi kwenye ncha ya pua, yaani tundu la mbele la bunduki, mgandamizo wa mahali pale hushuka. Rangi inavutwa nje kando ya sindano, inavunjwavunjwa kuwa ukungu. Kwa hiyo kinachochora hasa ni upepo. Ukisukasuka, mstari nao unasukasuka.

Turudi kwenye lile tone. Hewa ya karibu na Ziwa Viktoria ina unyevu mwingi. Tuseme imebeba asilimia 75 ya mvuke inayoweza kuubeba. Kompresa ikiibana mpaka geji isome psi 30 (kipimo cha mgandamizo), imeisonga mara tatu hivi, na mvuke wote uliokuwemo umesongwa pamoja nayo. Wakati wa kubanwa hewa huwa moto, hivyo maji hayaonekani. Ikifika kwenye mpira wa kupitishia upepo, inapoa, na zaidi ya nusu ya mvuke ule inageuka matone. Ndiyo maana mashine huanza vizuri, kisha inatema baada ya dakika kadhaa.

Dawa yake ni tangi na kikombe cha kunasa maji. Tangi dogo la lita 3 hivi huipa hewa nafasi ya kupoa kabla ya kuingia kwenye mpira, na pia hutuliza mipigo ya pistoni. Kile kikombe cha kioo chini ya regyuleta, kifaa cha kurekebisha mgandamizo, hunasa yanayobaki. Fungua koki ya tangi kila jioni umwage maji, maana chuma kinaoza kwa ndani bila wewe kuona. Na kabla ya kulipa, soma kibandiko cha mota: umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Kompresa iliyotengenezwa kwa volti 110 za Marekani itaungua ukiichomeka moja kwa moja ukutani.

Je, lazima ununue kompresa? Mwaka 1876, Francis Edgar Stanley alipewa hataza ya kipulizia rangi huko Marekani, enzi ambazo kompresa ya umeme haikuwa kitu cha kukuta kwenye karakana. Kifaa kinataka hewa iliyobanwa tu, haijalishi imebanwa na nini. Umeme ukikatika, tairi la akiba lililojazwa upepo kwa fundi wa pancha linaweza kukusogeza kwa dakika chache, ukiwa na kiunganishi chake na regyuleta. Usilijaze kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni. Na kama una rafiki mwenye gereji kule Ndeeba au Katwe, kompresa yake kubwa inatosha kabisa, ila hakikisha kuna kichujio, kwa sababu nyingi hutumia oili na oili hiyo huponyoka na hewa.

Upepo ukishakaa sawa, bunduki haisumbui. Chukua ya vitendo viwili: unabonyeza kupata hewa, unavuta nyuma kupata rangi. Ile ya kitendo kimoja ni rahisi siku ya kwanza, lakini huwezi kunenepesha na kukondesha mstari ukiwa katikati ya kuchora. Kikombe cha rangi kiwe juu ya bunduki, rangi ishuke kwa uzito wake, utaweza kufanya kazi kwa psi 15 mpaka 25. Chupa ya chini hufaa maeneo mapana, ila inataka nguvu zaidi. Pua ya milimita 0.3 inatosha kwa mengi. Ya 0.2 huchora unywele na huziba upesi. Ya 0.5 ni ya rangi nzito. Weka sindano ya akiba, kwani ncha ikipinda kidogo tu, ukungu unaelekea upande.

Anza na akriliki ya maji, iliyozimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Rangi za magari zinazochanganywa na hadina, yaani kigumishi, hizo ziache kabisa kwa sasa. Nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kuharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Anayepamba keki naye anunue bunduki yake peke yake, isiyowahi kuguswa na rangi ya ukutani.

Jambo dogo linalopotezea watu safari: nyuzi za skurubu. Mpira wa brashi ya hewa mara nyingi ni wa inchi 1/8, wakati kompresa za gereji huwa na 1/4, na baadhi ya kampuni zina nyuzi zao wenyewe. Nenda dukani na mpira wako mkononi, uufunge kwenye bunduki palepale, na uombe wapulize maji matupu juu ya karatasi mbele yako.